Filamu ya Atupele na Mwisho Wake

Ukitaka kumkasirisha Atupele, muulize filamu yake ina funzo gani. Usimtukane, usimseme vibaya kwa watu. Muulize hilo tu, kisha kaa pembeni umwangalie mishipa ya shingo inavyomsimama.

Najua kwa sababu tumepanga fremu moja ya duka hapa Tukuyu, yeye na mimi. Mimi niko mbele na cherehani, yeye yuko nyuma ya pazia na kompyuta na kamera zake. Naitwa Mwantum. Babu yangu alikuja huku kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akakuta mvua, akasema atasubiri ikatike ndipo arudi. Haijakatika mpaka leo, na sisi wajukuu tumezaliwa humu humu.

Kazi ya Atupele ni kupiga video. Harusi anapiga, kipaimara anapiga, lakini kinachomlisha ni misiba. Huku kwetu msiba usiopigwa video unaonekana kama umefichwa. Watoto walioko Dar na Tunduma, waliokosa nauli au ruhusa, watataka kuona nani alikuja, nani alilia, nani alikaa kando na sahani yake. Wazee nao huiangalia kwa jicho lao. Asiyeonekana kwenye video, hata akiapa kwamba alikuwa jikoni anamenya ndizi, ameshaandikwa kwamba hakuja. Atupele analijua hilo, ndiyo maana huizungusha kamera polepole kwenye umati, asimruke mtu.

Sasa mtu anayeshinda misibani miaka yote hiyo, jicho moja kwenye kamera, huona na mengine. Humwona mchungaji anayehubiri uzima wa milele huku anatazama sufuria. Humwona mama anayezimia, akafumbua jicho kidogo kuhakikisha kitenge kimekaa sawa, kisha akazimia tena. Atupele alikuwa akirudi ananisimulia, tunacheka mpaka nashonea mkono wa gauni kwenye kola. Siku moja akaniambia, "Dada Mwantum, natengeneza filamu." Nikadhani ni maneno ya kuchangamsha genge.

Hadithi yenyewe naisimulia yote, maana bila hiyo huwezi kuuelewa ugomvi. Kuna vijana wanne wa chuo wamepanga geto mjini. Bumu, ile pesa yao ya mkopo wa chuo, limekwisha kwa pombe na muziki, darasani hata mlinzi wa mlango hawajui. Mitihani imefika na kichwani hamna kitu. Mmoja wao anakwenda kwa mkuu wa chuo analia kwamba amefiwa na baba, na wenzake watatu wanaomba ruhusa ya kumsindikiza. Mkuu wa chuo, mtu wa huruma za kweli, anawaambia, "Poleni wanangu. Chuo kizima tutakuja kuzika." Kwisha habari yao. Inabidi maiti ipatikane.

Wanamwendea mzee mmoja, mlinzi wa hosteli, mpenda kinywaji. Wanamwahidi sufuria nzima ya mbalaga, zile ndizi zetu zilizopikwa na maharage, akikubali kulala jenezani mpaka watu waage waondoke. Anakubali. Chuo kinakuja, kwaya inakuja, mchungaji anakuja na mahubiri yasiyoisha. Mle ndani njaa inamsokota mzee. Katikati ya wimbo anapiga chafya, anakaa kitako, anauliza, "Mbalaga iko wapi?" Watu wanatawanyika kwenye migomba, mkuu wa chuo anakimbia na kiatu kimoja, mchungaji anajifungia chooni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Atupele hakuishia hapo. Vijana wanarudi geto wanagaragara kwa kicheko, na mzee wamemwacha kwenye baridi na chupa yake. Asubuhi wanamkuta amekufa kweli. Wanakimbilia chuoni wanalia machozi ya kweli, na kila wanayemwambia anawafukuza. Kwaya haiji. Mchungaji anafunga mlango. Wanachimba kaburi wenyewe kwenye mvua, jembe hawajui kulishika, wimbo hawaukumbuki hata mstari mmoja. Halafu kamera inazunguka polepole pale kaburini, vile vile kama kwenye video ya msiba, inatafuta watu. Hakuna mtu. Filamu imekwisha.

Mimi nilicheka filamu nzima, na kufika pale kicheko kikanikatika. Ni filamu nzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ndani yake mimi ndiye mama mwenye nyumba anayewafokea wale vijana dirishani, ingawa walioniona wanasema nimefoka vizuri.

Yule mzee alichezwa na baba mdogo wake Atupele, Amoni, wa kule Masoko. Alishawahi kuwa mlinzi kwenye hosteli za chuo, na nusu ya vituko vya wale vijana vilitoka kwenye hadithi zake. Hakuwahi kuigiza maishani, lakini alilala jenezani kama mtu aliyelala kitandani kwake. Mkewe, mama Janeth, alikuja kuangalia siku ya kurekodi. Alipomwona mumewe ameunganishwa mikono kifuani na pamba puani, akageuza, akarudi nyumbani bila kumuaga mtu, na jioni ile Amoni alinyimwa chakula. Tangu hapo mama Janeth alikataa kuiona filamu ile, wala kusikia habari zake.

Basi filamu ikaisha kuhaririwa, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Msambazaji mmoja wa Dar alipiga simu. "Dada, kazi kali mno! Ila huo mwisho ubadili. Vijana watubu, mmoja aoe." Kijana wa kanisani akasema afadhali wakamatwe na polisi, jamii ijifunze. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa suruali, akashauri mzee afe lakini ibainike kwamba ilikuwa ndoto. Na kila mmoja akimaliza ushauri wake anauliza lile lile: funzo lake ni nini?

Atupele alikuwa anawajibu kwa adabu, mguu wao ukitoka tu mlangoni ananimalizia mimi hasira zote. "Watu wanataka kucheka bure, dada Mwantum! Wacheke msibani, wacheke maiti, halafu waende nyumbani wakalale usingizi wao! Ule mwisho ndiyo filamu yenyewe. Ukiutoa huo, nimetengeneza nini? Chafya?"

Nilimwambia akaioneshe kwa watu wa kawaida, hao wajuaji aachane nao. Ushauri wangu huo ulitupeleka Kisiba.

Tulipata ukumbi, tukafunga shuka ukutani, watu wakajaa na watoto wao mgongoni. Mwanzo ulikwenda vizuri, vijana wa geto waliwachekesha hasa. Kisha likatokea jeneza, kwaya ikaanza kuimba. Wallahi sikuamini macho yangu. Mama mmoja mstari wa mbele alifunga khanga kiunoni, akashuka kwenye benchi, akakaa chini kama anavyokaa msibani. Wa pili akashuka, wa tatu, benchi zima. Halafu wakaupokea wimbo. Ni wimbo wa mazishi wanaoujua tangu utotoni, na wimbo ule ukianza huku kwetu hauachwi njiani. Ukumbi mzima uliimba, sauti ya kwanza na ya pili na besi za akina baba kule nyuma, beti zote mpaka wa mwisho.

Amoni alipiga chafya yake na hakuna aliyeisikia. Aliulizia mbalaga, hakuna aliyesikia. Walipomaliza kuimba, pale ukutani mkuu wa chuo anakimbia na kiatu kimoja, nao wakaanza kuulizana anakimbia nini. Ilipofika sehemu ya kaburi, minong'ono ikawa ya hasira. Wakatoka wakiwa wamenuna. Mama mmoja akabaki, akamfuata Atupele, akafungua pindo la khanga akatoa rambirambi.

"Mpe mfiwa," akasema.

"Mama, hakuna mfiwa. Ni filamu."

"Hata kama," akasema yule mama, akamwekea mkononi, akaondoka.

Atupele alitaka kulia, na mimi kusema kweli nilitaka kupiga mtu. Aliyefurahi alikuwa Amoni peke yake, tuliyekwenda naye. Njia nzima anatutania: "Mimi nimeliliwa vizuri bwana! Wako waliokufa kweli hawakupata nusu yake." Atupele akaifungia filamu ndani ya kompyuta na kurudi kwenye misiba yake ya kawaida, na kila akipita mbele ya cherehani yangu namwona midomo inavyocheza, anagombana na watu wa Kisiba.

Mvua za masika zilizofuata Amoni akaanza kukohoa. Akapelekwa hospitali, akalazwa, akafa.

Walimwomba Atupele apige video na akapiga. Sijui aliwezaje. Watu walikuja kutoka Masoko yote, kutoka Lupepo, kutoka mjini, mpaka wale waliowahi kuwa wanafunzi akiwalinda. Mvua haikuwafukuza. Atupele aliizungusha kamera polepole kama kawaida yake, maji yanamchuruzika usoni, hakumruka mtu.

Mdomo wa watu nao haukukaa kimya. Mtu anayelala jenezani akiwa mzima, walisema, amejitakia nini? Ni uchuro. Amejichuria mwenyewe, na aliyemlaza humo ni mtoto wa kaka yake. Maneno yalianzia jikoni, yakafika barazani, na siku ya kuanua matanga yakatoka mdomoni kwa Ambindwile, mkubwa wa ukoo, kaka yake marehemu.

"Kile kitu kifutwe," alisema mbele ya ukoo mzima. "Kifutwe tukiona kwa macho yetu, leo."

Nilikuwepo, nilikuja na majirani. Atupele alisimama, na nikajua adabu imeshamwisha.

"Baba mkubwa, umeiangalia?"

"Siwezi kuangalia kitu cha namna hiyo."

"Nani hapa ameiangalia? Hata mmoja? Mnataka nifute kitu ambacho hamkijui! Baba mdogo alikipenda. Alikuwa anakisimulia kila kilabu cha pombe hapa Masoko, na nyinyi mlikuwa mnacheka naye!"

Kelele zikapanda. Shangazi mmoja anasema huyu mtoto kachanganyikiwa, mwingine anasema ni shule hizi. Mimi mgeni nilikuwa naung'ata ulimi nisiharibu. Mama Janeth alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani. Alinyanyua mkono, nao wakanyamaza.

"Aliyekufa ni mume wangu," akasema. "Nitaiangalia mimi. Kisha nitasema, na nitakalosema ndilo hilo."

Ambindwile akaketi.

Mama Janeth alikuja mjini baada ya kazi kupungua shambani, asubuhi ya ukungu, viatu vimejaa tope. Nilimpa kigoda cha wateja nikazima cherehani. Atupele aliigeuza kompyuta imwelekee, akaisogeza, akaisogeza tena. Nilimwelewa. Akisema mama mdogo wake ifutwe, itafutwa, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa ajili ya roho yake, si kwa ajili ya tumbo.

Mwanzoni mama Janeth alikaa ameshika shavu kama mtu aliye hospitali. Mumewe alipotokea na tochi yake, anawafokea wale vijana, uso wake ukalegea. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Hata kofia ni ile." Kwenye jeneza akainamisha kichwa, lakini sauti aliisikiliza. Chafya ikatoka. Akanyanyua macho kwa haraka. Amoni akakaa kitako, pamba moja imebaki puani, akauliza mbalaga iko wapi.

Mama Janeth akacheka. Alicheka kwanza kwa kujizuia, kisha akaachia, akashika meza, machozi yanamtoka. "Mwanamume huyu! Hata pale hospitali aliniuliza hivyo hivyo! Rudisha, mwanangu, rudisha nimwone."

Atupele akarudisha. Akaomba tena, akarudisha tena. Nilimtazama Atupele usoni na sijawahi kumwona na furaha ile. Amepata mtu. Baada ya wajuaji wote wale na ukumbi mzima wa Kisiba, amepata mtu mmoja anayecheka pale pale anapotakiwa kucheka.

Halafu filamu ikaendelea. Asubuhi ile ya baridi, vijana wanakimbia, milango inafungwa. Kicheko cha mama Janeth kiliishia polepole. Jembe, mvua, kaburi. Kamera ikaanza kuzunguka, naye akasogea karibu na kioo, anatafuta nayo. Ilipokwisha, mvua ilikuwa imeanza kwenye bati.

"Watu wako wapi?" akauliza.

"Ndiyo hadithi ilivyo, mama mdogo. Wale vijana walishadanganya mara ya kwanza, kwa hiyo..."

"Wewe si ndiye uliyempiga video siku anazikwa? Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Walinyeshewa wakasimama. Uliwaona."

"Niliwaona."

"Basi kwa nini humu anazikwa kama mtu asiye na kwao?"

"Huyu siyo baba mdogo, mama. Huyu ni mzee wa kwenye hadithi."

"Uso ni wake," akasema mama Janeth.

Mama Janeth akajifunga kitenge vizuri, akamshika mkono.

"Sitaki uifute. Shemeji yangu nitamjibu mimi. Waoneshe watu wacheke, mwenyewe alipenda kuchekwa. Ila akishaamka, akishaulizia chakula chake, basi, iishie hapo. Asife tena, mwanangu. Mimi nimeshamzika."

"Sawa, mama mdogo," akasema Atupele.

"Ndaga fijo," akasema mama Janeth, akashukuru kwa mikono miwili, akatoka kwenye mvua yake.

Kabla pazia halijatulia nyuma yake, Atupele akapiga teke kigoda kikaja kugonga mashine yangu. "Bora angesema nifute! Dada Mwantum, bora angesema nifute! Ningegombana naye, ningegombana na ukoo wote, ningehama! Sasa hili nagombana nalo vipi?"

Nilimwambia afanye akili. Awe na mbili, ile iliyokatwa aioneshe huku, nzima aipeleke Mbeya, Dar, popote ambapo mama Janeth hafiki. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimeshasema sawa," akajibu. Nikamwambia anaitupa kazi yake kwa ajili ya machozi ya mtu mmoja, akaniambia nishone nguo za watu. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na mama Janeth, mjane wa watu asiye na kosa, na nikisema ukweli, bado kidogo nimemkasirikia. Alikuwa mtu pekee aliyeielewa filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye aliyeikata.

Kwa siku kadhaa nilimsikia nyuma ya pazia anaiangalia sehemu ya kaburi, anairudia. Siku moja sikuisikia tena. Nilipochungulia alikuwa anahariri harusi ya watu wa Mwakaleli, bibi harusi anakata keki, na uso wake Atupele hauna habari.

Tuliionesha Masoko, kwenye jengo la shule siku ya Jumapili, mchana. Ukoo wote ulikuja. Hata Ambindwile alikuja, akakaa na koti lake mstari wa mbele, na mzee yule alicheka mpaka akavua miwani. Walicheka geto, walicheka mkuu wa chuo, na chafya ilipotoka jengo lilitikisika. Amoni akakaa kitako, akauliza mbalaga iko wapi, ukuta ukawa mweupe.

Watu wakapiga makofi. Kisha wakabaki wamekaa, wanautazama ukuta. Hakuna aliyeinuka. Ilibidi Atupele azime projekta ndipo wakaelewa kwamba ndiyo imekwisha, wakaanza kutoka wakiangaliana.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo, mjuaji wa kutosha, akamfuata Atupele aliyekuwa anakunja waya.

"Sista, filamu kali, sikufichi. Wale masela ndiyo sisi kabisa. Ila imekatika. Mzee kaamka, ehe, ikawaje? Wale jamaa walifanywa nini? Mtu unachekeshwa, unaachwa unaning'inia. Aliyeandika alishindwa kumalizia."

Nikaacha nilichokuwa nakibeba. Nilijua sasa kinakuja, mwaka mzima wa hasira utamshukia mtoto wa watu, na nilikuwa tayari kumsaidia kufoka. Atupele alinyoosha mgongo, akavuta pumzi. Halafu akatazama mlangoni. Mama Janeth alikuwa amezungukwa na akina mama, anawaonesha kwa mikono jinsi mumewe alivyokuwa akiingia nyumbani, hata kofia hajavua, anaulizia chakula. Walikuwa wanacheka wote, na yeye anacheka kuliko wao.

"Ni kweli, mdogo wangu," Atupele akamwambia yule kijana. "Mwisho ulinishinda."

Akaendelea kukunja waya.